Samuel Johnson, Mtunzi wa Kamusi: Maisha Yake na Suala la Urithi wa Tiki

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapolisikia jina la Johnson, aghalabu fikra zake humwendea Frederick Johnson, ambaye kamusi zake zilizotoka mwaka 1939 zilikuwa tegemeo la wasomi wa lugha hii kwa miaka mingi. Makala haya yanamhusu Johnson mwingine, aliyemtangulia huyo kwa takriban karne mbili. Huyu ni Samuel Johnson wa Uingereza, aliyetunga kamusi kubwa ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1755, na ambaye jina lake hutajwa kila historia ya leksikografia inapofundishwa.

Sifa za Samuel Johnson kama mtunzi wa kamusi, mshairi na mhakiki zimeandikwa na wengi. Jambo ambalo halitajwi mara nyingi madarasani ni kwamba mtu huyu, aliyeyapanga maneno ya lugha nzima yakatii, aliishi na mwili usiomtii. Kichwa chake kilitikisika, mabega na mikono yake ilijipinda, na kinywa chake kilitoa sauti ambazo hakuzikusudia. Hali ya namna hiyo siku hizi huitwa tiki, yaani mishtuko ya ghafla ya misuli, au sauti zinazomtoka mtu, ambazo hujirudia mara kwa mara bila ya kuwa na shabaha. Tiki za misuli na za sauti zinapompata mtu mmoja, zikaanza utotoni na kudumu kwa zaidi ya mwaka, hali hiyo huitwa ugonjwa wa Tourette.

Swali walilojiuliza watu wa zama zake, na ambalo lingali linaulizwa na wazazi na walimu hadi leo, ni hili: mambo haya humtoka wapi mtu? Wahenga walinena kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Wahenga hao hao walinena pia kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hizi mbili hazisemi jambo moja. Ya kwanza yadai kwamba mtoto huwa kile kile alicho mzazi wake. Ya pili ina uangalifu zaidi: mtoto hurithi uelekeo, na uelekeo huo waweza kujitokeza kwa sura nyingine, kwa kiasi kingine, au usidhihirike sana. Maisha ya Samuel Johnson, yakitazamwa kwa mwanga wa elimu ya jeni ya leo, yanadokeza kuwa katika suala la tiki methali ya pili ndiyo iliyo karibu na ukweli.

Kuzaliwa na Ukoo Wake

Samuel Johnson alizaliwa tarehe 18 Septemba 1709 katika mji mdogo wa Lichfield, katikati ya Uingereza. Babake, Michael Johnson, alikuwa muuza vitabu aliyeheshimika mjini, na mwaka huo huo alikuwa ameshika wadhifa wa umma hapo Lichfield. Mamake, Sarah, alikuwa na umri wa miaka 40, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kujifungua. Uzazi ulikuwa mgumu. Mtoto alitoka akiwa dhaifu, asilie kama walivyo watoto wachanga, hata ikahofiwa kuwa hataishi. Alibatizwa upesi siku hiyo hiyo.

Mtoto alipelekwa kwa mlezi ili anyonyeshwe. Baada ya muda mfupi alipatwa na kifua kikuu cha tezi za shingo, maradhi yaliyomwachia makovu usoni na kuandamana na udhaifu wa kuona na kusikia uliomfuata maisha yake yote. Hapo ndipo mjadala wa urithi ulipobisha hodi katika maisha yake kwa mara ya kwanza. Daktari aliyekuwa pia babake wa ubatizo aliamini kwamba maradhi yale yametokana na maziwa ya yule mlezi, ambaye mwanawe wa kuzaa alikuwa na dalili zizo hizo. Mama mtu alifikiri vingine. Yeye alidhani kuwa maradhi ya mwanawe yametoka katika ukoo wake mwenyewe. Elimu ya leo yajua kuwa kifua kikuu huletwa na vijidudu, si ukoo. Daktari alikuwa karibu na ukweli kuliko mama, ingawa hakujua lolote kuhusu vijidudu.

Mnamo mwaka 1712, Sarah alimbeba mwanawe hadi London ili aguswe na Malkia Anne, kwa kuwa Waingereza wa wakati huo waliamini kwamba mkono wa mfalme huponya maradhi hayo. Malkia alimgusa na mtoto akapewa sarafu ya dhahabu, ambayo Johnson aliivaa shingoni hadi kufa kwake. Maradhi hayakupona. Ilibidi apasuliwe shingo.

Babake alimwachia mambo mawili. La kwanza ni vitabu. Kijana alikulia juu ya duka la vitabu, akisoma alichokitaka kwa kadiri alivyotaka, hata akawa na maarifa yaliyowashangaza walimu wake wa chuo kikuu. La pili ni huzuni. Michael Johnson alikuwa mtu wa majonzi mazito yasiyo na sababu ya wazi, na mwanawe aliamini katika maisha yake yote kwamba huzuni iliyokuwa ikimlemea aliirithi kutoka kwa baba huyo. Katika hili Johnson mwenyewe alikuwa mfuasi wa nadharia ya urithi kabla elimu yenyewe haijazaliwa.

Oktoba 1728 alijiunga na Chuo cha Pembroke, Oxford. Alikaa humo kwa miezi 13 tu, kisha akaondoka Desemba 1729 kwa kukosa karo, viatu vyake vikiwa vimetoboka. Kurudi nyumbani kuliambatana na msononeko mkubwa uliomfanya ahofie kuwa atapotewa na akili. Babake alifariki mwishoni mwa mwaka 1731 akiwa amefilisika, na fungu alilopata Samuel katika mali hiyo lilikuwa pauni 20.

Mwalimu Aliyekataliwa

Kijana mwenye elimu nyingi lakini asiye na shahada angeweza kufanya nini? Johnson alijaribu ualimu. Mwaka 1732 alifundisha kwa miezi michache huko Market Bosworth, akaichukia kazi hiyo kutokana na dharau za mfadhili wa shule. Baada ya hapo alihamia Birmingham, na huko ndiko kilikotoka kitabu chake cha kwanza, mwaka 1735: tafsiri ya safari za Jerónimo Lobo, kasisi Mreno wa karne ya 17 aliyepitia pwani ya Pate akitafuta njia ya kuingia Uhabeshi. Hivyo basi, kazi ya kwanza ya mtunzi huyu mkuu wa Kiingereza iligusa, japo kwa mbali, ufuo wa Waswahili. Malipo yake yalikuwa gini tano.

Katika mwaka huo huo wa 1735 alimwoa Elizabeth Porter, mjane aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 20. Binti wa mjane huyo alisimulia baadaye jinsi mgeni wao alivyoonekana mara ya kwanza: mwembamba, mwenye makovu, na mwenye mishtuko na mikono inayorukaruka, hata mtu akashindwa kujizuia kushangaa au kucheka. Mama mtu hakucheka. Aliyasikiliza maneno yake, akamwona kuwa ndiye mtu mwenye busara kuliko wote aliowahi kukutana nao.

Wengine hawakusikiliza. Nafasi ya mwalimu mkuu ilipotokea katika shule ya Solihull, Johnson alipendekezwa na rafiki mwenye jina kubwa. Wasimamizi walikiri kwamba ni msomi hodari, lakini wakamkataa kwa sababu mbili. Kwanza, walisikia kuwa ni mwenye majivuno. Pili, walisikia kuwa ana tabia ya kuupinda uso wake. Waliongeza kwamba wanajua hawezi kujizuia, ila wakahofia kuwa jambo hilo lingewaathiri wanafunzi. Shule nyingine, ya Brewood, ilimkataa kwa kuchelea kuwa watoto wangemfanyia mzaha.

Kwa fedha za mkewe, Johnson alifungua shule yake mwenyewe katika kijiji cha Edial, karibu na Lichfield. Wanafunzi waliojiandikisha walihesabika kwa vidole. Mmoja wao alikuwa David Garrick, aliyekuja kuwa mwigizaji mashuhuri kuliko wote wa Uingereza ya karne hiyo. Vijana hao walimchungulia mwalimu wao na kuyaiga maungo yake, na Garrick aliendelea kuwachekesha marafiki kwa uigizaji huo miaka mingi baadaye. Shule ilifungwa. Mwezi Machi 1737 mwalimu na mwanafunzi wake walishika njia pamoja kwenda London kutafuta riziki.

Kamusi na Umaarufu

London ilimpokea kwa njaa. Johnson aliandika kwa malipo kidogo katika jarida la Edward Cave, akitunga mashairi, wasifu na taarifa za mijadala ya bunge. Usiku mwingine alizunguka mitaani hadi alfajiri akiwa na rafiki yake Richard Savage kwa kukosa pa kulala. Hata hivyo, kalamu yake ilianza kujulikana, na mwaka 1746 kikundi cha wauza vitabu kiliingia naye mkataba wa kutunga kamusi ya Kiingereza kwa pauni 1,575.

Kazi hiyo aliifanyia katika ghorofa ya juu ya nyumba aliyoipanga katika kiwanja cha Gough. Alikuwa na wasaidizi sita wa kunakili, watano wao wakiwa Waskoti. Mbinu yake ilikuwa ya kisasa kwa wakati ule. Alisoma vitabu vya waandishi bora, akapigia mstari maneno yaliyomfaa, wasaidizi wakanakili sentensi zenye maneno hayo katika vipande vya karatasi, kisha yeye akaziainisha maana kwa kuzingatia matumizi. Kamusi ilitoka tarehe 15 Aprili 1755 katika mabuku mawili makubwa, ikiwa na vidahizo 42,773 na mifano ya matumizi ipatayo 114,000. Wafaransa walikuwa wamekitumia chuo kizima cha wanazuoni 40 kwa zaidi ya nusu karne kufikia lengo kama hilo. Mkewe, Elizabeth, hakuiona. Alifariki mwaka 1752.

Baada ya kamusi, heshima ilifuata polepole, na fedha zikachelewa zaidi. Mwaka 1756 Johnson alikamatwa kwa deni. Mwaka 1759 aliandika riwaya fupi kuhusu Rasselas, mwana wa mfalme wa Uhabeshi, katika jioni za juma moja ili apate fedha za mazishi ya mamake na kulipa madeni aliyoyaacha. Dhiki ilipungua mwaka 1762 Mfalme George wa Tatu alipomtengea pauni 300 kwa mwaka. Mwaka uliofuata alikutana na James Boswell, Mskoti kijana ambaye wasifu wake kuhusu Johnson, uliochapishwa mwaka 1791, ni mojawapo ya vilele vya utanzu wa wasifu ulimwenguni. Mwaka 1765 alitoa toleo la tamthilia za Shakespeare, na kati ya 1779 na 1781 akatoa wasifu wa washairi wa Kiingereza.

Walivyomwona na Walivyomweleza

Kutokana na kuzungukwa na watu walioshika kalamu, Johnson ni miongoni mwa watu wa kale ambao maungo yao yameelezwa kwa undani mno. Boswell alieleza jinsi alivyokiinamisha kichwa upande wa bega la kulia na kukitikisa, akiuyumbisha mwili mbele na nyuma huku akilisugua goti la kushoto kwa kiganja. Baina ya sentensi alitoa sauti: mara kama anayetafuna, mara nusu mluzi, mara kama kuku anayewaita vifaranga, na amalizapo hoja ndefu alipuliza pumzi kwa nguvu. Alipofika mlangoni alihesabu hatua ili mguu fulani uvuke kizingiti kwanza, na akikosea alirudi nyuma akaanza upya. Akipita barabarani aligusa nguzo moja baada ya nyingine, na akiiruka moja alirudi kuigusa.

Tukio moja hutosha kuonyesha gharama ya hali hiyo. Mchoraji William Hogarth alikwenda kumtembelea mwandishi Samuel Richardson, akamwona mtu amesimama dirishani akitikisa kichwa na kujiviringisha kwa namna ya ajabu. Alidhani ni punguani aliyewekwa chini ya uangalizi wa Richardson. Ghafla mtu yule akasogea, akaanza kuikosoa serikali ya mfalme kwa ufasaha uliomwacha Hogarth ameduwaa.

Watu walieleza chanzo cha mambo haya kwa njia mbalimbali. Mshairi Alexander Pope aliyahesabu kuwa maradhi ya mtukutiko. Wengine waliyaita ngoma ya Mtakatifu Vitus, jina la tangu zama za kati kwa ajili ya maradhi ya kuchezacheza maungo. Mchoraji Joshua Reynolds, rafiki wa karibu, alipinga. Yeye alidai kuwa ni mazoea tu, kwa kuwa Johnson akiombwa atulie ili achorwe aliweza kutulia kama mtu mwingine yeyote. Hata Johnson mwenyewe aliikubali rai ya mazoea: mtoto mmoja wa kike alipomuuliza kwa nini anajipinda hivyo, alimjibu kwa upole kwamba ni tabia mbaya, akamwasa ajihadhari na tabia mbaya.

Hoja ya Reynolds ina mvuto, lakini ina kasoro. Wagonjwa wengi wa tiki huweza kuzizuia kwa muda, sawa na mtu anavyoweza kuzuia kupepesa macho. Msukumo wa ndani huendelea kujikusanya, na hatimaye tiki hutoka. Kwa hiyo kuweza kutulia kwa muda mbele ya mchoraji si ushahidi kwamba mtu anajitakia.

Ukiyatazama maelezo haya yote kwa pamoja, kinaya chake ni dhahiri. Kifua kikuu, ambacho si cha kurithiwa, mama aliona kimetoka katika damu ya ukoo. Tiki, ambazo urithi una sehemu kubwa ndani yake, rafiki na mgonjwa mwenyewe waliziita mazoea. Kila upande ulikuwa na jibu, ila majibu yalikuwa yamebadilishana nafasi.

Elimu ya Urithi Baada ya Johnson

Miaka mia moja na moja baada ya kifo cha Johnson, yaani mwaka 1885, daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette alichapisha maelezo ya wagonjwa tisa waliokuwa na tiki za misuli na za sauti. Aliamini kuwa ugonjwa huo ni wa kurithi. Hata hivyo, katika sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari wengi waliugeuza kuwa suala la nafsi, wakatafuta chanzo katika malezi na hisia zilizofichwa. Wazazi walibeba lawama. Mtazamo ulianza kugeuka katika miaka ya 1960, ilipoonekana kuwa dawa inayopunguza kazi ya dopamini ubongoni inapunguza tiki pia. Katika kipindi hicho na baada yake, mabingwa wa magonjwa ya neva waliyasoma upya maandishi ya Boswell na wenzake, wakahitimisha kwamba yamkini Johnson alikuwa na ugonjwa wa Tourette. Utambuzi huo umetokana na maandishi pekee, na ni sharti uchukuliwe kwa tahadhari hiyo.

Ushahidi wa urithi ulipatikana kwanza kwa kuwachunguza mapacha. Mapacha wa kufanana hushiriki jeni zote, ilhali mapacha wasiofanana hushiriki takriban nusu, kama ndugu wengine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, pacha mmoja wa kufanana alipokuwa na ugonjwa wa Tourette, mwenzake naye alikuwa nao katika asilimia 53 ya jozi. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa asilimia 8 tu. Tiki za aina yoyote zilipojumuishwa, viwango vilipanda hadi asilimia 77 na 23. Takwimu hizi zina mafunzo mawili. Pengo kati ya makundi hayo laonyesha nguvu ya jeni. Kwa upande mwingine, pacha wa kufanana hawakulingana wote, na hilo laonyesha kwamba jeni hazitoshi kuamua kila kitu.

Hapo awali watafiti walitumaini kuipata jeni moja tu iliyo chanzo cha yote. Mwaka 2005 ilitajwa jeni iitwayo SLITRK1, inayohusika na ukuaji wa seli za neva. Mwaka 2010 ikatajwa jeni ya HDC, inayohusika na utengenezaji wa histamini, baada ya kuchunguzwa kwa familia moja ambamo baba na watoto wake wote wanane walikuwa na tiki. Lakini mabadiliko hayo ni nadra sana, na wagonjwa wengi hawana lolote kati yake. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019 ulithibitisha kuwa uwezekano wa kupatwa hutokana na tofauti ndogondogo nyingi zilizotawanyika katika jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo mno. Haba na haba hujaza kibaba.

Utafiti wa Sweden wa mwaka 2015, uliotumia kumbukumbu za taifa zima, ulikadiria kuwa urithi unaeleza takriban asilimia 77 ya tofauti zilizopo baina ya watu katika uwezekano wa kupatwa na tiki sugu. Takwimu hii hueleweka vibaya kwa urahisi. Haimaanishi kwamba mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 77 wa kuugua. Inazungumzia tofauti katika jamii nzima, wala haimtabirii mtoto mmoja. Watoto wengi wa wazazi wenye tiki hawapati ugonjwa wa Tourette. Aidha, yapo mambo yasiyo ya jeni yanayohusishwa na hatari hiyo, yakiwemo matatizo ya wakati wa mimba na uzazi. Wavulana nao hupatwa mara tatu hadi nne kuliko wasichana.

Lipo jambo jingine linaloirejesha methali ya mhunzi. Katika familia zenye tiki, baadhi ya jamaa hawana tiki kabisa, bali wana ulazima wa kurudiarudia matendo: kuhesabu, kugusa, kupanga, kuhakiki. Uchunguzi wa familia umeonyesha kwamba hali hizi mbili hushiriki sehemu ya mizizi ya kijeni. Urithi mmoja waweza basi kusana kwa mmoja na kuvukuta kwa mwingine. Katika mwili wa Johnson yote mawili yalikutana: mishtuko na sauti kwa upande mmoja, vizingiti na nguzo kwa upande mwingine. Babake hakuandikwa popote kuwa mtu wa mishtuko, naye ndugu yake wa pekee, Nathaniel, alifariki mwaka 1737 akiwa kijana. Kutoonekana kwa tiki kwa wazazi hakupingi urithi, kwa kuwa mkusanyiko wa tofauti ndogondogo kutoka pande mbili waweza kukamilika kwa mtoto tu.

Mirathi ya Johnson

Johnson hakuzaa mtoto. Kwa upande wake, chochote alichokibeba katika damu kilikoma naye. Nyumba yake, hata hivyo, haikuwa tupu. Alikaa na mshairi kipofu Anna Williams, tabibu maskini Robert Levet, na wengine waliokosa pa kwenda. Aliyekuwa karibu naye zaidi ni Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaica na kuingia katika nyumba hiyo mwaka 1752 akiwa mvulana. Johnson, aliyeuchukia utumwa waziwazi, alimlipia karo ya shule, akamlea kwa namna ambayo wengi waliiona ya baba kwa mwana.

Mwaka 1783 Johnson alipatwa na kiharusi kilichomnyang'anya usemi kwa muda. Alifariki tarehe 13 Desemba 1784, akazikwa katika kanisa la Westminster. Wosia wake ulimfanya Barber kuwa mrithi mkuu, akitengewa pauni 70 kila mwaka. Baadhi ya marafiki walikasirika, lakini wosia ulisimama. Barber alihamia Lichfield na familia yake, na baadaye alifungua shule ndogo kijijini Burntwood. Kazi ambayo bwana wake alinyimwa kwa sababu ya uso wake, ilishikwa na mtu aliyesomeshwa kwa fedha za bwana huyo.

Hitimisho

Maisha ya Samuel Johnson yanamfundisha msomaji kuupima urithi kwa mizani mbili. Mzani wa kwanza ni wa damu. Humo mna jeni nyingi ndogondogo, zinazoandaa wepesi wa kupatwa, ambazo hakuna mtu anayezichagua na hakuna mzazi anayestahili kulaumiwa kwazo. Mzani wa pili ni wa kile mtu anachopokea na kukitoa kwa hiari: vitabu vya baba, kamusi, karo ya kijana wa Jamaica. Mizani hizi zote zilikuwa ndani ya mtu mmoja, na upungufu wa mmoja haukuufuta uzito wa mwingine.

Wengi wa wanaokisoma Kiswahili chuoni huishia kusimama mbele ya darasa. Humo hawatakosa kukutana na mtoto anayepepesa macho kupita kiasi, anayetikisa bega, anayeguna au kukohoa bila mafua. Tiki huanza aghalabu mtoto anapokuwa na umri wa miaka minne hadi sita, hufikia kilele baina ya miaka 10 na 12, na kwa wengi hupungua ujana unapomalizika. Hofu na msongo wa mawazo huzizidisha. Kumkemea mtoto huyo, kumtoa nje, au kumtuhumu kwamba ana pepo au amelaaniwa, hakuondoi kilichoandikwa katika jeni zake, ila huongeza mzigo juu ya mzigo. Mcheka kilema, wahenga walionya, hafi hakijamfika.

Wasimamizi wa Solihull walijua kuwa Johnson hawezi kujizuia, na bado walimfungia mlango. Kosa lao halikuwa la kutojua. Walikuwa na ukweli mikononi, wakakosa kuutumia. Mwalimu wa leo anajua zaidi yao kwa mbali: anajua habari za mapacha, za jeni, na za ubongo. Ujuzi huo utakuwa na faida siku utakapomwezesha kuutazama uso unaojipinda katika dawati la nyuma, kisha akangoja kusikia neno litakalotoka kinywani.